Njia ya gari imepasuka: nizibe nyufa, nimwage zege upya, au niweke pevingi?

Mkazi wa Goba: Wakuu, habari zenu. Njia ya zege kutoka getini hadi barazani imepasuka. Fundi mmoja anasema tuzibe nyufa na kupiga plasta juu, mwingine anataka kuvunja yote. Mke wangu anataka pevingi, vile vitofali vya zege vya kupanga. Kipi bora? Nataka kuamua kabla ya masika.

Fundi Msumari: Mkuu, mbona hujasema kitu? Ufa una upana gani? Pande zake ziko sawa au mmoja umeshuka? Zege lina miaka mingapi? Magari gani yanaingia?

Mama Mapacha: Weka pevingi. Kwetu bomba lilipasuka chini, vijana wakazing'oa, wakatengeneza, wakazirudisha siku hiyohiyo.

Babu Kokoto: Pevingi bila kushindilia chini na bila kingo za pembeni zitabonyea njia ya matairi.

Salama wa Mbezi: Kaka, plasta usithubutu. Mimi nilipigiwa ya inchi 1 juu ya zege lililopasuka, nikakubali kwa sababu ya bei. Ikapendeza kweli. Masika yalipoingia nyufa zikatokea palepale, mistari ileile. Kisha ikaanza kubanduka, ukigonga kwa nyundo inalia kama debe tupu. Tulipovunja tukakuta maji ya paa yameosha udongo chini, mkono unapita. Nimelipa mara mbili, na mfereji wa maji ya paa nikauchimba baadaye.

Mkazi wa Goba: Pole sana dada. Nimepima. Nyufa nyingi ni nyembamba, kadi ya benki haiingii. Ila mmoja karibu na geti unaingia kidole kidogo, na upande mmoja umeshuka kama sentimita 2. Zege lina miaka 6. Gari langu ni dogo, na boza la maji la lita 10,000 huja kila wiki mbili.

Fundi Msumari: Boza ndilo la kusema mwanzo! Maji tu ni tani 10, gari lenyewe bado. Zege la inchi 4 ni la gari dogo, boza linataka inchi 6. Nyufa nyembamba ziba tu. Kipande cha getini kivunjwe, chini pashindiliwe, kimwagwe upya na BRC (wavu wa nondo), na maungio ya kutenganisha vipande vya zege kila mita 3.

Babu Kokoto: BRC haizuii ufa, inaushika usipanuke. Na wengi wanaiacha imelala kwenye kifusi. Ubovu mkubwa ni mafundi kuzidisha maji ili zege lisambae kirahisi.

Fundi Msumari: Na wenye nyumba je, mzee? Zege linataka kumwagiliwa siku 7. Siku ya tatu wanapitisha gari.

Mama Mapacha: Getini kuna mti?

Mkazi wa Goba: Mwembe, kama mita 2. Aliupanda marehemu mama.

Babu Kokoto: Kata. Kama udongo ni mfinyanzi, mizizi inaunyonya maji unasinyaa, zege linashuka.

Salama wa Mbezi: Usikate kabla hujaona maji ya mvua yanapita wapi.

Mkazi wa Goba: Mwembe sikati. Jumamosi nachimba pembeni nione unene na udongo. Boza linaweza kusimama nje na kuvuta mpira?

Mama Mapacha: La kwetu lina mpira wa mita 30. Muulize dereva kabla hajaenda kujaza.