Mrejesho: Nadharia ya utafiti wangu wa taarab imepita, nukuu ya muziki bado

Wakuu, habari zenu. Mwezi wa tatu niliomba msaada hapa baada ya msimamizi kunirudishia pendekezo la utafiti wa taarab ya Unguja. Nilikuwa nimerundika nadharia tano, hakuna hata moja iliyofanya kazi. Nawashukuru sana wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kubaki na moja, ile ya mwanaanthropolojia wa muziki Alan Merriam ya 1964: muziki utazamwe kama dhana, mwenendo na sauti yenyewe, na kila kimoja kinakigusa kingine. Imenifungua macho. Suala la kutunza, yaani mtu kuinuka na kumpelekea mwimbaji pesa ubeti fulani ukifika, nilikuwa nimeliweka pembeni kama pambo. Sasa ndilo kiini cha sura ya nne, maana hapo ndipo fumbo la wimbo linapopata mlengwa. Pendekezo limepita!

Dada uliyesisitiza nijifunze ala kwanza, kama mtaalamu wa muziki wa tamaduni mbalimbali Mantle Hood alivyodai katika makala yake ya 1960, ulisema kweli. Nimeanza ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayopigwa kwa vidole. Vidole bado vizito, lakini wazee wa kikundi sasa wananifafanulia maqamu (mifumo ya ngazi za sauti yenye asili ya Kiarabu) kwa subira ambayo sikuipata nilipokwenda na dodoso tu.

Kilichokwama ni nukuu, yaani kuuandika muziki kwa noti. Niliongeza alama za robo toni (hatua za sauti ndogo kuliko nusu toni) kwenye mistari mitano ya noti kama mlivyoshauri, jopo likasema hazisomeki. Nimekubaliana na msimamizi niambatishe rekodi, noti zibaki kwa vifungu vifupi tu.