John Deere 4440, IH 1086 au Magnum za mwanzo: ipi inavuta kweli na ipi inadumu?

jembe_pana:
Wakuu heshima kwenu. Natafuta trekta kubwa ya zamani, zile za hp 130 kwenda juu, kazi yake ni plau kwenye udongo mzito halafu haro msimu mzima. Mpya zenye kompyuta kila kona sizitaki, ikizima shambani huwezi kuifanya chochote mpaka aje mtu na laptop. Nimebaki na John Deere 4440, International 1086 na Case IH Magnum 7120. Kwenye karatasi 4440 na 1086 zote ni kama hp 130 kwenye PTO (ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine), Magnum 150, ila ukiongea na madereva kila mtu na lake, huyu anakwambia 1086 ina pawa zaidi, yule anakwambia Deere haifi. Waliozifungua na walioziendesha naombeni msaada.

fundi_nozeli:
Mkuu anza na swali la hp imepimwa wapi, maana wengi wanalinganisha hp ya injini ya trekta moja na hp ya PTO ya nyingine halafu wanabishana mpaka usiku. Hizo 130 zako zimetoka kwenye vipimo vya Nebraska, chuo kikuu cha kule kinapima trekta tangu 1920, kwa hiyo hapo ziko sawa kabisa, hakuna mshindi. Tofauti ni jinsi zinavyoitoa hiyo nguvu. 4440 ina injini ya lita 7.6 na inafika kwenye nguvu yake raundi 2200, 1086 ni lita 6.8 na inaitafuta 2400. Injini kubwa yenye raundi chache plau likikuta sehemu ngumu inashuka taratibu inang'ang'ania, ndo maana dereva anasema Deere "ina moyo".

Halafu hp ya PTO siyo inayovuta plau, kuna inayopotea kwenye gia, kwenye difu, na nyingi zaidi pale tairi zinapogusa udongo. Tairi zikiteleza kupita asilimia 15 unachoma dizeli bure hata uwe na injini ya namna gani, na zisipoteleza kabisa ujue umebebesha uzito kupita kiasi na giaboksi ndo inaumia. Kwa hiyo usisahau vyuma vya uzito na tairi pacha nyuma, mara nyingi vinakuongezea mvuto kuliko hp 20 za ziada.

mama_ekari:
Mimi nitasema upande wa uimara kwa sababu pawa fundi kamaliza. Injini zote tatu ukizitunza zinafanya kazi masaa mengi sana, mimi naogopa giaboksi. 1086 ina ile TA (Torque Amplifier), lever unavuta inashusha mwendo bila kukanyaga klachi, raha sana kwenye plau ila ndo sehemu inayochoka kwanza, na kuitengeneza inabidi trekta itenganishwe katikati. Na jamani hili naliomba sana mlisikie, TA ikiwa kwenye slow injini haikushikilii mteremkoni, trekta inaachia tu, ukiwa na tela nyuma lenye mzigo ni hatari kweli kweli. Madereva wapya waambieni kabla hawajapanda.

4440 yenye giaboksi ya Quad-Range, gia 16 mbele, klachi yake inaogelea kwenye oili kwa hiyo inavumilia dereva mzito wa mguu. Ipo pia ya Powershift, unabadili gia bila kukanyaga klachi, tamu kuendesha ila inakula nguvu kidogo na ikifa fundi wa kuijua ni wa kutafuta. Mimi ningechukua Quad-Range bila kufikiria mara mbili.

dizeli_safi:
Naongezea kuhusu Magnum maana naona imesahaulika. Ilitoka 1987, baada ya Case na International kuunganishwa, ina injini ya lita 8.3 ya ukoo wa Cummins na powershift ya gia 18. Kwa maoni yangu ndo powershift ya zamani yenye nguvu kuliko zote, na ile injini spea zake zinapatikana kwa sababu familia hiyohiyo iko kwenye malori na mashine nyingi. Kama udongo ni mzito kweli, hizo 150 utaziona.

Ila yoyote utakayochukua chunga maji ya rejeta. Injini za hizo 4440 na 1086 slivu zake (mabomba ya chuma ambamo pistoni zinapita) zinaguswa na maji moja kwa moja, mtu akijaza maji ya kisimani miaka na miaka slivu zinaliwa kwa nje vitundu vidogo vidogo mpaka maji yanaingia kwenye oili. Weka kuulanti yenye dawa, basi.

jembe_pana:
Asanteni sana, dada mama_ekari hiyo ya TA sikuwahi kuambiwa na muuzaji hata mmoja. Kuna 1086 nimeonyeshwa mwenyewe anasema inatoa hp 170, pampu "imefunguliwa". Hiyo ni sifa au tatizo?

fundi_nozeli:
Tatizo, kaka. Kuongeza dizeli kwenye pampu ni kazi ya bisibisi, lakini pistoni, TA na difu bado ni za hp 130, na joto la eksozi linapanda pale pale unapolima mzigo mzito muda mrefu. Ukiona moshi mweusi unatoka mfululizo wakati inavuta, achana nayo.

Ukienda kuangalia mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika, unataka kuisikia ikiwaka ya baridi. Ikipata moto fungua kifuniko cha kujazia oili, moshi ukisukuma kwa nguvu pistoni zimechoka. Shusha oili ya giaboksi kidogo, ikiwa kama maziwa imeingia maji, na filta yake uikate utafute vyuma. Mita ya masaa usiiamini, angalia pedali za breki na pini za kuvutia zimelika kiasi gani. Kama kuna mashine ya kupima PTO karibu ifunge nusu saa chini ya mzigo, joto likitulia na raundi zikakaa, hapo ongea bei.