Mada: Kabla shule hazijafungwa: usajili wa watoto hapa Minnesota, msisubiri Januari iishe

Mama Mapacha, Brooklyn Park, anaandika:

Jamani habari za baridi. Najua saivi kila mtu akili iko kwenye tiketi na zawadi ila naomba mnisikilize kidogo kwa sababu mwaka jana mi nilihangaika na sitaki mtu mwingine ahangaike kijinga. Mwenye mtoto atakayekuwa ametimiza miaka mitano ifikapo tarehe 1 Septemba mwakani, huyo ni wa kindagateni, anza saivi. Na mwenye mtoto wa darasa lolote anayetaka kumpeleka shule ya wilaya nyingine, sio ile mnayoishi, fomu yake wanaiita open enrollment na mwisho ni 15 Januari. Sio Agosti kama tulivyozoea nyumbani, mtoto anapelekwa siku ya kufungua kashikwa mkono na shangazi yake. Ofisi zinafungwa wiki ya Krismasi mpaka baada ya mwaka mpya, ukirudi una siku kumi tu hivi na simu hazipokelewi kwa sababu mji mzima unapiga siku hiyo hiyo.

Shule za wilaya yako mwenyewe lazima zimpokee mtoto hata ukihamia Machi, hapo msiogope. Ila ukichelewa unapewa penye nafasi, na penye nafasi panaweza kuwa dakika arobaini kwa basi.

Sasa kisa changu. Wanangu wamezaliwa Muhimbili tarehe 9 Februari 2020. Baba yao kakaa na laptopu usiku akajaza fomu ya mtandaoni, tarehe ya kuzaliwa 09/02/2020, kaenda kulala karidhika. Baada ya wiki mbili inakuja barua pepe kuwa samahani watoto wenu wamepitwa na mpaka kwa siku moja, wasubiri mwaka mwingine. Siku moja! Mi nikawa nashangaa siku moja imetoka wapi, hawa si watakuwa na miaka mitano na nusu? Nimezunguka na ile barua siku nne nzima, naifungua naifunga, mpaka nikiwa kazini kwenye mapumziko ya chai ndo nikang'amua kuwa hapa mwezi unatangulia, kwa hiyo wao wamesoma Septemba 2, na mpaka ni Septemba 1. Tena kadi za kliniki nilizopeleka nazo ziliandikwa kwa mkono 9/2/20 zikazidi kuwathibitishia! Nilichofanya nikaenda na pasi zao, pasi imeandikwa FEB kwa herufi, yule mama wa ofisini akacheka tukayamaliza palepale. Lakini kama ningekubali ile barua wangekaa nyumbani mwaka mzima. Popote mtakapojaza, kama kuna nafasi ya kuandika mwezi kwa maneno andikeni kwa maneno.

Kingine ni skriningi ya watoto wadogo. Minnesota kila mtoto wa kindagateni ya serikali anatakiwa awe nayo, na kama hajafanya, akishaanza shule mnapewa siku 30 tu muwe mmeifanya. Ni bure. Wanapima macho, masikio, urefu na uzito, wanaangalia chanjo, wanampa vitu achore na apange. Inafaa mtoto akiwa na miaka mitatu au minne kwa hiyo wenye wa miaka mitatu msiseme bado mdogo, wapelekeni. Na omba mkalimani unapoweka miadi, mtoto anayeulizwa rangi kwa Kiingereza wakati rangi anazijua kwa Kiswahili atanyamaza tu halafu waandike hajui rangi.

---

Mgeni wa Novemba, Columbia Heights, anajibu:

Dada shikamoo na asante sana. Mimi nimefika Novemba na watoto wawili, wa miaka sita na wa minne, tunakaa kwa kaka yangu sebuleni, mkataba wa nyumba ni wake, bili zote ni zake. Nilipiga simu nikaulizwa uthibitisho wa makazi nikakata simu kwa aibu. Pia nina kadi za chanjo za Mwanza zimejaa kabisa, je zinatosha? Na wataniuliza karatasi zangu za uhamiaji?

---

Mama Mapacha anajibu:

Marahaba mdogo wangu. Usikate tena simu. La karatasi za uhamiaji, hapana, shule haina ruhusa kumkatalia mtoto kwa sababu hiyo, ni uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani tangu 1982, kesi ya Plyler na Doe. Wala namba ya soshol sekyuriti si lazima, ukikuta kisanduku chake kiache wazi.

La makazi ndo nataka ulielewe vizuri maana sisi watu wa kwetu tunaliona aibu. Kukaa kwa ndugu kwa sababu huna uwezo wa kupanga, kwao hapa kuna sheria yake inaitwa McKinney-Vento, ya 1987, na inakuhesabu kama familia isiyo na makazi ya kudumu. Najua neno linachoma. Kwetu ukikaa kwa kaka yako wewe upo nyumbani, nani atakuita huna makazi? Lakini hilo neno ndilo linalofungua mlango, mtoto anaandikishwa hapo hapo hata kama hana cheti cha kuzaliwa, hana chanjo, hana mkataba, karatasi zinafuata baadaye, na mkija kuhamia kwenu mbali ana haki ya kubaki shule ile ile mpaka mwaka huo wa shule uishe na usafiri wanatafuta wao. Kila wilaya ina mtu wake wa kazi hiyo. Piga tena, omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure, kisha sema hivi: tunaishi kwa ndugu kwa sababu hatuna uwezo wa kupanga, naomba kuongea na mhusika wa McKinney-Vento. Usianze na samahani.

Na wa miaka minne usimwache, mkatie skriningi.

La chanjo namwachia Shangazi Nesi, najua anasoma kimyakimya.

---

Shangazi Nesi anajibu:

Nasoma nikiwa lanchi kwa hiyo nitaandika haraka. Kadi ya Mwanza kujaa haimaanishi kadi ya Minnesota imejaa, wala haimaanishi kwetu walikosea. Ratiba ni tofauti. Nyumbani surua na rubela anapigwa miezi 9 na miezi 18. Hapa dozi ya kabla ya mwaka mmoja haihesabiwi, kwa hiyo ile ya miezi 9 imeenda. Halafu ya kwetu haina matumbwitumbwi na hapa wanataka ile ya magonjwa yote matatu kwa pamoja, MMR, dozi mbili kabla ya kindagateni. Tetekuwanga kwetu haipo kabisa kwenye kadi, hapa ni dozi mbili, na kwa wadogo huwa wanapishanisha miezi mitatu kati ya ya kwanza na ya pili. Ndo maana nasema msisubiri Agosti, miezi mitatu huwezi kuikunja.

Polio ya matone waliyopewa kuanzia Aprili 2016 hapa hawaihesabu, sindano ya polio wanaihesabu. Ile Penta ya wiki 6, 10 na 14 inahesabiwa kwa dondakoo, pepopunda na kifaduro, ila homa ya ini B dozi ya mwisho wanataka mtoto awe amefika wiki 24 kwa hiyo mara nyingi wanaongeza moja. Mtoto halii kwa sababu ya sheria analia kwa sababu ya sindano, mbebee kitu cha kutafuna.

Usitupe kadi hata moja. Nesi wa hapa asiposoma maandishi ya Kiswahili msomee wewe, na zile tarehe mwambie siku ipi mwezi upi kama alivyosema Mama Mapacha. Wakiingiza kwenye rejista ya jimbo inayoitwa MIIC basi kliniki yoyote Minnesota itaziona hata kadi ikilowa. Kama huna bima kuna mpango wa chanjo za bure kwa watoto, uliza kliniki ya jamii au kaunti.

Na jambo moja la mwisho, wengi linawatisha. Wakitaka kumpima mtoto kifua kikuu ombeni kipimo cha damu badala ya kile cha ngozi, kama ametimiza miaka miwili. Watoto wetu wana kovu la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, mkononi na kile cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, familia inakosa usingizi bure. Narudi wodini.

---

Baba Kitindamimba, Burnsville, anajibu:

Asanteni akina mama. Mimi niongeze la wale wanaosafiri maana naona watu wanabeba masanduku. Mwaka juzi tulienda Kisii kwa matanga ya mzee, tukaondoka wiki mbili kabla ya shule kufungwa tukarudi wiki moja baada ya shule kufunguliwa, nikajiambia si kuna likizo katikati, mtoto amekosa wiki mbili huku na moja huku tu. Kumbe wanahesabu siku za shule peke yake na zile za likizo wanaziruka kama hazipo, kumi za kabla na tano za baada, kumi na tano mfululizo. Minnesota mtoto akikosa siku 15 mfululizo anaondolewa kwenye rejista. Tulikuwa shule ya charta, yaani ya umma ila inajiendesha yenyewe, yenye foleni ya watu wanaongoja, tukarudi tukakuta kiti kina mwenyewe. Kijana alilia kuliko alivyolia kwa matanga, na mimi sikuwa na wa kumlaumu.

Kwa hivyo kabla hujapanda ndege, nenda ofisini, andika tarehe za kwenda na kurudi, uliza kama inahesabiwa ruhusa au la, na ubaki na nakala. Kama ni zaidi ya siku hizo waambie ukweli, ujue kabisa utaandikisha upya na kiti kinaweza kwenda. Na kwa wa shule ya msingi siku saba bila ruhusa, hata zisipofuatana, jambo linaweza kufika kaunti. Si vitisho, ndivyo sheria ilivyo.

Na swali kwenu, kwenye ile fomu ya lugha ya nyumbani nyinyi mnaandika nini? Kuna jamaa aliniambia andika Kiingereza tu, la sivyo mtoto atawekwa na wasiojua.

---

Mama Mapacha anajibu:

Baba pole sana kwa mzee na kwa kiti.

Huyo jamaa mwambie aache. Fomu inauliza mtoto alianza kuongea lugha gani na nyumbani mnaongea nini, andika Kiswahili, andika na Ekegusii kama ipo. Ukiandika hivyo mtoto anapimwa Kiingereza chake, akipita anaendelea zake na darasa lake, asipopita anapata mwalimu wa kumsaidia, na hata hapo mzazi una haki ya kukataa. Ila wewe ukiandika Kiingereza halafu mtoto akawa anasuasua kusoma, mwalimu atadhani ana tatizo kichwani kumbe ni lugha tu. Mmoja wa wangu alipita, mwenzake hakupita, mapacha hao! Aliyepata msaada saivi ndo anayemsahihisha mwenzake.

Ujumbe wa simu nao muwe macho. Juzi theluji ilipomwagika nilipata ujumbe uliotafsiriwa na mashine, unasema leo shule itachelewa kuanza saa mbili. Jirani yangu, Mkongo, akaelewa saa mbili asubuhi, ile ambayo Wamarekani wanaiita nane, akawahisha watoto kabisa, kumbe ni kuchelewa kwa masaa mawili. Walikaa ndani ya gari injini ikiunguruma na dirisha limeganda. Mwombeni mwalimu ujumbe wa Kiingereza pia uje, mlinganishe.

Chakula: tangu 2023 asubuhi na mchana ni bure kwa kila mtoto, haujazi chochote. Ila maziwa peke yake kwa mtoto aliyebeba chakula cha nyumbani yanalipiwa, nimeshangazwa na deni la maziwa mimi! Fomu ya kipato jazeni hata hivyo, shule inapata fedha kupitia hizo, na ada za michezo unaweza kupunguziwa.

Na nguo. Hapa wanatolewa nje kucheza hata kwenye baridi, kila shule ina kipimo chake cha kuwabakiza ndani. Mtoto asiye na suruali ya theluji na mabuti anasimama ukutani akiwaangalia wenzake. Ukikosa mwambie mwalimu au nesi, shule nyingi zina kabati la vitu hivyo na hawaulizi maswali. Andika jina ndani ya glavu zote mbili, maana inayopotea ni moja daima.

Mgeni wa Novemba, wako wa miaka sita anavaa saizi ngapi? Wangu wamekua, nina mabuti jozi mbili saizi 12 na suruali moja ya bluu imechanika goti kidogo. Jumamosi nakuja upande huo sokoni, nitapita kwa kaka yako.

---

Mgeni wa Novemba anajibu:

Dada saizi 12 itamtosha na soksi mbili. Nimepiga simu leo, mkalimani alikuwa wa Bukavu, tumeelewana. Wa miaka sita anaanza shule Jumatatu.