Naomba ushauri: kichezaji kipi cha muziki kwa elfu kumi na tano? Muziki wangu ni GB 90

Msafiri wa Rongai

Habari zenu wadau. Nataka kununua kichezaji cha muziki cha mfukoni, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

Kwa nini nisitumie simu? Kwanza, siitoi kwenye mkoba nikiwa barabarani. Anayepanda gari za Rongai kutoka Nairobi jioni anajua mambo ya wezi wa dirishani foleni ikisimama pale Bomas. Pili, simu yangu haina tundu la hedifoni, na chaji yake naitaka inifikishe nyumbani. Tatu, muziki wenyewe hauko mtandaoni. Ni santuri na CD za mzee wangu, rhumba, benga na zilizopendwa, ambazo kaka yangu alizihamishia kwenye laptopu. Zote ni kama GB 90, nyingi FLAC (zile faili kubwa zinazotunza sauti yote) na chache MP3. Majina ni vurugu tupu: nusu yake zimeandikwa "Track 01", "Track 02", msanii hajulikani.

Bajeti ni shilingi elfu kumi na tano za Kenya, kadi ya memori ikiwemo. Nikijibana sana, kumi na nane. Nimeangalia vile vidogo vya madukani Luthuli, mjini, vya elfu mbili au tatu hivi. Nimeona pia iPod Classic ya GB 160, mtumba, jamaa anaitisha elfu kumi na mbili. Kuna mtu ofisini amenitajia kichezaji kiitwacho HiBy R1. Shemeji yangu naye anasema niache kupoteza pesa, nichukue simu kuukuu iliyolala kwenye droo.

Video sitaki, michezo sitaki. Nisaidieni, na tafadhali msinitajie vitu vya laki.

Kijana wa Umoja

Dada, gari za Rongai si zenyewe ndizo disko? Unanunua kichezaji cha nini na konda anakupa besi ya bure hadi Maasai Lodge?

Msafiri wa Rongai

@Kijana wa Umoja hiyo ndiyo sababu ya nne.

Sikio Kali

Ukitaka kununua mara moja usirudi dukani tena, ni Sony NW-A306. Ina Android, GB 32 za ndani na nafasi ya kadi, na Sony wenyewe wanasema ukisikiliza FLAC za kawaida kwa programu yao inafika saa 36 bila kuchajiwa. Hiyo ndiyo Walkman ya siku hizi. Jina lilianza na kile cha kanda cha 1979 na bado lipo. Hivi vingine ni vya kuchezea.

Fundi Kanda

@Sikio Kali kaka, dada kasema elfu kumi na tano. Hiyo ilipotoka Marekani 2023 ilikuwa dola 350. Piga hesabu kwa shilingi, kisha weka ushuru. Umemtaka akakope.

Dada, nimehamisha kanda na santuri za watu kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu. Swali lako umelielekeza kwa chombo, lakini tatizo lako liko kwenye mafaili. Vichezaji vingi havisomi folda kama ulivyozipanga. Vinasoma lebo zilizofichwa ndani ya faili: jina la msanii, albamu, namba ya wimbo. Faili isiyo na lebo hutupwa kwenye kapu moja la "Msanii Asiyejulikana". Sasa fikiria nusu ya GB 90 zikiwa kwenye kapu hilo, na kuna "Track 01" mia mbili humo ndani zinazofanana kama pacha. Umesimama kwenye gari, mkono mmoja umeshika chuma, wa pili unatafuta wimbo. Utakizima uangalie nje.

Ndiyo maana swali la kwanza dukani lisiwe sauti. Uliza: naweza kufungua folda zangu nilivyozipanga mwenyewe? Muuzaji akisita, mwambie akupe ujaribu. HiBy inafungua folda. Vile vya elfu mbili, vingine hufungua na vingine hapana, na hata vinavyofungua utakuta vina kikomo cha idadi ya nyimbo. Ukipita kikomo, nyimbo ziko kwenye kadi ila hazitokei kwenye orodha, unadhani zimefutika.

Kadi nayo ina mambo yake. Hadi GB 32 huja na mpangilio wa FAT32, ambao karibu kila kidude husoma. Kuanzia GB 64 huja na exFAT, na hapo vya bei ya chini hukwambia "hakuna kadi". Mara nyingi si kadi mbovu. Ipange upya kwa FAT32 kwa programu ya pembeni, maana ile menyu ya kawaida ya Windows ilikuwa ikikomea GB 32.

La mwisho, nalo ndilo linaloniuma nikisikia watu wanavyohamisha rhumba ovyo. Zilizopendwa nyingi zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, na wimbo mrefu ulikatwa katikati: upande wa kwanza uimbaji, ukigeuza unakuta sebene. Kwenye laptopu hizo ni faili mbili. Kichezaji kisichounganisha nyimbo bila pengo kitakata pumzi pale pale gitaa linapopanda. Hata kinachounganisha hakitakusaidia kama kaka yako aliacha sekunde kadhaa za kukwaruza mwanzoni mwa upande wa pili. Fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure, kata ule mkwaruzo, unganisha pande zote mbili, hifadhi kama wimbo mmoja. Kazi ya jioni chache, na hakuna pesa inayoweza kuinunua dukani.

Msafiri wa Rongai

@Fundi Kanda umenigusa. Ziko nyingi sana za "sehemu ya 1" na "sehemu ya 2", na ndizo mzee alizozipenda zaidi. Kumbe zinaunganishika! Swali: nizibadilishe zote ziwe MP3 ili ziingie kwenye kadi ndogo?

Fundi Kanda

Zile FLAC usizifute, ziache kwenye laptopu na nakala nyingine mahali pengine. Za kutembea nazo unaweza kuzigeuza MP3 za kbps 320, zitashuka hadi kama theluthi ya ukubwa wa sasa. Lakini kwa GB 90 sioni haja. Kadi ya GB 128 inazibeba zilivyo.

Sikio Kali

Usigeuze. FLAC ina uhai ambao MP3 haina.

Mwalimu wa Kwaya

@Sikio Kali ndani ya matatu ya Rongai? Injini, honi, konda anagonga bodi, spika nyuma ya kiti. Mimi nafundisha watu kusikia sauti nne kwa wakati mmoja, na nakwambia humo ndani sitofautishi MP3 ya 320 na FLAC hata ukiniapisha.

Dada, gawa bajeti yako hivi: pesa inayokusaidia zaidi ni ya hedifoni. Tafuta zile za kuingia masikioni zenye mpira laini unaoziba tundu la sikio, na zije na saizi tatu za mpira. Mpira ukikaa sawa, makelele ya nje yanapungua kabla hujagusa sauti. Usipoziba, utapandisha sauti kushinda spika ya gari. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila ukipanda juu ya hapo saa zinapungua haraka. Kwaya yangu ina vijana ambao tayari husema "eeh?" kila sentensi.

Kuhusu simu kuukuu, shemeji yako hajakosea kabisa. Itoe laini, iweke hali ya ndegeni, weka Musicolet. Programu hiyo inafungua folda na haihitaji intaneti hata chembe. Gharama ni kadi tu. Ila angalia mgongo wa simu: kama betri imevimba na kifuniko kimeinuka, usiichaji tena.

Kijana wa Umoja

Shida ya simu kuukuu ni moja. Mwizi wa dirishani haulizi kama ina laini.

Duka Luthuli Bei Poa

Dada karibu dukani, MP3 zipo za kila rangi, na kadi ya 2TB kwa 1,500 tu. Nitumie ujumbe faraghani nikupangie.

Fundi Kanda

@Duka Luthuli Bei Poa ndugu yangu, 2TB kwa hiyo bei hata kiwandani haipatikani. Hizo hufanyiwa ujanja zijitangaze kubwa, ndani unakuta GB 16 au 32. Ukipita hapo inaandika juu ya nyimbo za zamani kimya kimya.

Dada, kadi yoyote utakayonunua, iwe ya nani, ipitishe H2testw, programu ya kupima kadi, kabla ya kuweka chochote. Inaijaza kadi yote kisha inasoma kilichoandikwa. Itachukua muda, iache ifanye kazi ukipika.

Duka Luthuli Bei Poa

Sisi tunauza kama tulivyoletewa. Za GB 128 original pia zipo, na risiti tunatoa.

Baba Achieng'

Nimeona iPod ikitajwa nikaona siwezi kunyamaza. Mimi ninayo Classic na siiuzi. Lile gurudumu halijapata mrithi: kidole gumba kimoja, kitu kiko mfukoni, unapita wasanii mia bila kutazama. Na inaunganisha nyimbo bila pengo.

Sasa ukweli wake. Apple waliacha kuiuza Septemba 2014, kwa hiyo hata iliyo changa zaidi umri wake unaujua. Ndani ina diski inayozunguka, haipendi kuanguka. Betri yake itakuwa imechoka, na kuibadilisha ni kuufumua mwili wa chuma ambao haukukusudiwa kufunguliwa. FLAC haichezi mpaka uzigeuze ALAC, aina ya Apple wenyewe, au uweke Rockbox, mfumo mbadala wa kichezaji. Bila Rockbox utabebana na iTunes, na majina yako yalivyo, iTunes itakulilisha. Waya ni ule mpana wa pini 30. Yangu ilitolewa diski ikawekewa kadi ya SD na betri mpya, na gharama ya hapo ikaniinamisha kichwa.

Kwa elfu kumi na mbili, kabla hujaifanyia lolote? Hapana, dada. Mwachie mgonjwa kama mimi.

Msafiri wa Rongai

@Baba Achieng' asante kwa kuwa mkweli. iPod naiondoa. Na R1 je? Dola 80 na kitu, sawa na elfu kumi na moja hivi.

Baba Achieng'

R1 ni chombo kizuri. Si Android, ina mfumo wake mwepesi, FLAC inasoma, Bluetooth ipo. Haina nafasi ya kuhifadhi muziki ndani, kadi ndiyo kila kitu. Ila ukiagiza mwenyewe nje, hiyo elfu kumi na moja ni ya kwenye ukurasa tu. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya bei, usafiri na ushuru vikiwa vimejumlishwa. Uliza kwanza wanaoleta hapa mjini wanauza ngapi, wakati mwingine tofauti ni ndogo na unapata mtu wa kumrudia kikiharibika.

Na kuna kingine hukukitaja: Snowsky Echo Mini, cha FiiO. Kimetengenezwa kifanane na kichezaji cha kanda, vitufe vya kubonyeza, skrini si ya kugusa. Kina GB 8 ndani na kinapokea kadi hadi GB 256, bei ya nje ni kama dola 60. Skrini yake ni ndogo, nakuonya mapema.

Mwalimu wa Kwaya

Skrini ndogo si neno kama folda zimepangwa kwa ngazi. Folda kuu iwe mtindo: rhumba, benga, taarab. Ndani yake bendi. Ndani ya bendi, santuri. Ukimwaga folda mia tatu kwenye ukurasa mmoja utabonyeza kitufe hadi Galleria.

Sikio Kali

Echo Mini sikutegemea kusema hivi, lakini ni sawa kwa bei yake. Vitufe ni faida. Skrini ya kugusa ndani ya mfuko wa koti hujibonyeza yenyewe ukibanwa.

Msafiri wa Rongai

Wadau, mrejesho. Nilienda mjini leo mchana na kadi yangu ya GB 128, tayari imepimwa na H2testw na ina folda za rhumba peke yake, pamoja na hedifoni nilizonunua kwanza kama Mwalimu alivyoshauri. Nikauliza madukani Moi Avenue na Luthuli. Pawili walikataa nisiweke kadi yangu, nikaaga. Wa tatu alikubali, na alikuwa na R1 na Echo Mini zote mbili.

R1 inapendeza machoni, picha za majalada zinaonekana vizuri. Lakini niliweka kila moja mfukoni nikajaribu kuruka wimbo bila kutazama. Echo Mini niliweza mara ya kwanza. Folda zilifunguka, na ile niliyounganisha kwa Audacity ikapita kutoka uimbaji hadi sebene bila kukohoa. Muuzaji mwenyewe akaomba hedifoni moja.

Nimechukua Echo Mini. Bajeti imebaki na chenji. Nimepewa risiti na waranti ya miezi sita, imeandikwa kwa mkono lakini ina muhuri.

Fundi Kanda

Safi. Zile zenye mkwaruzo ukikwama, weka mfano mmoja hapa tuusikilize.

Baba Achieng'

Hongera dada. Sasa kwa kuwa umeiacha, nitumie kiungo cha yule wa iPod.

Msafiri wa Rongai

Nimekutumia faraghani. Gurudumu linakwama kidogo upande wa kushoto, mkabe kwenye bei.