Watu wanne chumba kimoja kwenye meli ya kitalii: mama yangu atalala wapi?

BintiChumbageni

Habarini za siku nyingi. Naomba msaada wa wenye uzoefu na meli za kitalii, hizi zinazoondoka Galveston, Texas, kwenda Cozumel, Mexico.

Mama yangu amekuja kututembelea hapa Houston kutoka Tanga, na shule zikifungwa nataka nimpeleke baharini pamoja na wanangu wawili. Mkubwa ana miaka tisa, mdogo minne. Baba yao yuko kazini, hatasafiri. Mama magoti yanamsumbua, usiku huamka kwenda msalani, na alfajiri lazima apate pa kutandika mswala.

Nimeona chumba cha ndani, kisicho na dirisha, kimeandikwa wageni wanne na bei yake naiweza. Lakini kwenye picha kuna kitanda kimoja kikubwa tu. Hao wawili wengine wanalala wapi? Nimepiga simu, dada aliyepokea kaniambia vitanda vingine vinashuka kutoka darini. Vinashukaje? Ni imara kweli? Na nikifika nikaona hapafai, naweza kuomba godoro tukatandika chini kama nyumbani? Mama hajawahi kupanda meli kubwa maishani mwake, nataka alale vizuri.

Mzaramo_Columbus

Dada, vitanda vya darini vipo na ni salama. Sisi tulikwenda na vijana wetu, walivigombania kuliko hata bwawa la kuogelea. Kinachobana ni bafu moja kwa watu wanne asubuhi. Masanduku sukuma chini ya vitanda, nafasi ipo.

Usisahau karatasi za mama: meli ikitoka Marekani na kurudi, viza yake iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Mexico inampokea mwenye viza halali ya Marekani, ila pasipoti asiiache nyumbani.

StiwadiWaLikoni

Dada yangu, salamu kwako na shikamoo kwa mama. Nilikuwa stiwadi kwenye meli hizi kabla sijarudi Mombasa, na vitanda unavyoviuliza ndivyo nilivyokuwa nikivishusha jioni na kuvipandisha asubuhi. Nitakueleza kwa kirefu maana mtandao hauelezi, na wanaoumia ni wazee na watoto.

Kile kitanda kikubwa cha pichani, mara nyingi ni vitanda viwili vya mtu mmoja vilivyosogezwa vikagusana. Vinaachanishwa, na kabati dogo linakaa katikati. Vitanda vya tatu na vya nne ndivyo hivyo vya juu: vimekunjwa ndani ya dari au ukutani, mchana huvioni vizuri. Stiwadi anavifungua kwa ufunguo wake, vinashuka, anatundika ngazi. Vina ukingo wa kumzuia mtu asianguke, na vimeshikizwa kwenye mwili wa meli. Kwa uimara usiwe na wasiwasi, ila kila meli ina kipimo chake cha uzito, ulizia.

Sasa shida yako. Chumba cha ndani chenye vitanda viwili vya juu maana yake ni wawili chini, wawili juu. Chini mtakuwa wewe na mama. Juu ni watoto wote wawili, na huyo wa miaka minne hafai kulala juu. Ushauri wa usalama huko Marekani ni kwamba mtoto chini ya miaka sita asilale kitanda cha juu, na mimi naukubali kwa moyo wote. Mtoto anaamka gizani, hakumbuki yuko wapi, na chumba cha ndani taa ikizimwa ni giza kama kaburini, hata mkono wako huuoni. Akishuka bila ngazi hapo chini hakuna zulia la kumwokoa. Utaishia kulala naye kwenye kitanda cha mtu mmoja safari nzima.

Usimwambie wakala "nataka chumba cha watu wanne". Neno hilo linahesabu vichwa tu. Mwambie unataka chumba chenye vitanda viwili vya chini, sofa inayofunguka kuwa kitanda, na kitanda kimoja cha juu. Vyumba vya namna hiyo ni vingi zaidi upande wenye dirisha au roshani. Kwenye ramani ya meli, kila namba ya chumba ina alama ndogo, na pembeni kuna maelezo ya kila alama: hii sofa, hii kitanda kimoja cha juu, hii viwili. Chagua namba ya chumba mwenyewe. Ukiacha kampuni ikupangie, utapewa chochote chenye nafasi ya wanne.

Ukikipata, mpe mama kitanda cha chini kilicho karibu na bafu. Wewe kile kingine. Mdogo kwenye sofa, mkubwa juu. Mama usimlaze kwenye sofa hata kama atasema "nipe mimi, sina neno", na mama zetu ndivyo wanavyosema. Sofa iko chini sana, mwenye magoti mabovu kuinuka pale usiku, na meli inayumba, ni adhabu. Na taa ya bafuni iacheni inawaka, mlango mrudishie kidogo.

Godoro la chini haliwezekani. Chumba cha wanne ni cha wanne, na hata mtoto mchanga anahesabiwa. Kila eneo la meli limepangiwa kituo cha kukusanyika na boti za kuokolea, na idadi ya watu wa kituo hicho haizidishwi. Ndiyo maana wakati mwingine utaona chumba kina vitanda vinne na bado wanakataa kukuuzia nafasi ya tatu: vituo vya upande ule vimejaa. Titanic mwaka 1912 ilibeba watu zaidi ya 2,200 na boti za watu 1,178, na mkataba wa kimataifa wa usalama baharini ukaja mwaka 1914 kwa sababu hiyo. Sisi wa pwani hatuhitaji kwenda mbali. Spice Islander mwaka 2011, kati ya Unguja na Pemba, ilipakia watu kupita uwezo wake ikazama, na wengi wetu tunawajua waliopoteza ndugu. Kwa hiyo wakikukatalia mtu wa ziada, shukuru.

Kwa sababu hiyo hiyo buku mapema. Familia za watu wanne zote zinawinda vyumba hivyo hivyo, hasa shule zikifungwa.

BintiChumbageni

Kaka, Mungu akulipe. Mama nimemsomea, anasema marahaba, na kweli amesema "mimi sofa inanitosha". Nimemkatalia.

Chumba cha roshani chenye sofa kimepanda bei sana. Nifanyeje? Na vitanda vyote vikifunguliwa, mswala unatandikwa wapi?

MamaSalma_Toronto

Mdogo wangu, piga hesabu ya vyumba viwili vya ndani vyenye mlango wa katikati kabla hujalipa. Bei ya msingi inawabana watu wawili wa kwanza. Wa tatu na wa nne mara nyingi hupunguziwa, lakini kodi na ada za bandari kila kichwa kinalipa, na bakshishi karibu hivyo hivyo. Kuna wakati vyumba viwili vya ndani vinakaribia kabisa bei ya kimoja cha roshani. Unapata bafu mbili, na hakuna mtu juu ya kichwa cha mwenzake.

StiwadiWaLikoni

Mama Salma amesema jambo zuri, na kwa bibi mwenye magoti mimi ningechagua hilo. Kampuni nyingi zinataka kila chumba kiandikwe mtu mzima mmoja. Andika mama na mjukuu mkubwa, wewe na mdogo. Mkishapanda, nenda mapokezi uombe funguo za ziada za vyumba vyote viwili, halafu mlale mnavyotaka. Hakikisha tu kwamba mlango wa katikati upo. Vyumba vilivyopakana bila mlango ni kitu kingine kabisa, na wakala mvivu anavichanganya.

Kuhusu mswala: chumba cha ndani ni mita za mraba 14 hadi 17 hivi, bafu ikiwa ndani yake. Wanne mkifungua kila kitu, sakafu inayobaki ni ule ujia kati ya kabati la nguo na bafu, na ngazi imesimama hapo karibu. Mama mmoja wa Kisomali niliyemhudumia aliniomba ngazi niiondoe mtoto akishapanda, nikawa naiegemeza ukutani jioni, na yeye ndiye aliyemrudishia mtoto asubuhi. Mkiwa wawili kwa chumba, nafasi si shida: vitanda vikiachanishwa mswala unaingia. Kibla, washeni televisheni kwenye chaneli ya ramani, inaonyesha meli ilipo na inakoelekea. Mkiwa Ghuba ya Mexico ni kaskazini-mashariki, lakini meli inageuka, kwa hiyo atazame kila wakati wa sala.

La mwisho. Siku ya kupanda, vitanda kwa kawaida utavikuta vimeunganishwa. Mtafute stiwadi wako mchana huo huo, mjue kwa jina, umwambie: vya chini viachanishwe, cha juu hatukitumii, kisishushwe. Siku hizi kampuni nyingi zinahudumia chumba mara moja tu kwa siku, usipomwambia mapema hatarudi jioni, na ana vyumba vingi mkononi. Mimi nilipoambiwa "mama yangu magoti yanamuuma" nilikuwa nakitengeneza chumba hicho kwanza kabla ya vingine vyote.

BintiChumbageni

Nimepata vyumba viwili, mlango wa katikati upo, nimemwuliza wakala mara mbili na akanitumia ramani yenye alama. Viko katikati ya meli, ghorofa ya chini. Kesho nalipa. Mama anauliza kama kuna chai ya maziwa ya asubuhi.

Mzaramo_Columbus

Chai ipo, maziwa utaongeza mwenyewe. Iliki na tangawizi abebe za unga.