Karanga, fimbo au aachwe alivyo? Watoto wetu wenye usonji

Mleta mada, Kirumba

Ng'wangaluka wadau. Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu, kile kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, na tukatawanyika bila muafaka. Mwalimu wao anafundisha kwa karanga. Mtoto akikaa kitini, karanga moja. Akigusa picha ya maji badala ya kulia, karanga moja na makofi. Baba mmoja akasimama: "Watoto wetu si kuku wa kurushiwa punje! Madarasa mengine wananyooshwa kwa fimbo, huku mnawahonga." Mama mwingine akasema yeye hataki karanga wala fimbo. Binti yake akifurahi anapepea mikono, na mwalimu aache kumshusha mikono kila saa.

Kabla hamjanijibu niseme yangu. Mwanangu ana miaka 6, hasemi. Mimi nauza dagaa pale soko la Mwaloni, hapa Mwanza, na likizo nashinda naye. Alikuwa akianza kupiga kelele anajitupa chini, anajigonga kichwa kwenye magunia. Nikimpeleka kumnunulia juisi ananyamaza. Majirani wa meza wakasema nimemdekeza. Mama yangu naye ana dawa yake: kofi la paja, anamburuta hadi nje, na kweli mtoto anatulia.

Mwalimu hakunishauri kitu kwanza. Alinipa karatasi ya kaunta buku aliyoigawa sehemu tatu: kilichotokea kabla, alichofanya mtoto, kilichofuata. Niijaze wiki mbili. Nimeijaza kwa mikono ya dagaa, mpaka leo inanuka. Alilipuka mara 14. Mara 11, mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa imewashwa muda huohuo. Duka la juisi liko ng'ambo ya barabara, mlio wa mashine haufiki. Na nje anakoburutwa na bibi yake, vilevile. Kumbe juisi hana habari nayo sana.

Nauliza sasa: hii njia ya karanga ni mafunzo au ni ufugaji?

Mwalimu mstaafu, Magu

Mama, pole na hongera. Ila mimi nimeshika chaki miaka 34 na nakwambia samaki mkunje angali mbichi. Tulichapwa, tukasoma, na tunawaheshimu waliotuchapa. Mtoto anayelipwa ili akae kitini, siku karanga zikiadimika atakaa?

Mdau wa Igoma

Shikamoo mwalimu. Ila hata hiyo fimbo ina masharti yake. Kanuni zetu za viboko shuleni zinasema visizidi 4, apige mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe kwenye daftari. Ni nani kati yetu aliwahi kuliona hilo daftari? Majirani zetu Kenya walishafuta viboko shuleni tangu 2001 na watoto wao wanasoma tu.

Mwalimu wa kitengo, Nyegezi (si wa shule hiyo)

Naomba nichangie kwa urefu kidogo, maana maneno yanachanganywa.

Njia hiyo ya karanga inaitwa uchambuzi wa tabia, kwa kifupi cha Kiingereza ABA (Applied Behavior Analysis). Yule baba wa kuku hajakosea sana kuhusu asili yake. Mmarekani B. F. Skinner alianza na panya, kitabu chake kikatoka 1938, baadaye akahamia kwa njiwa. Alichokiona ni kwamba tabia inaongezeka au inapungua kutegemea kinachoifuata. Kikifuata kitu na tabia ikaongezeka, hicho ni kiimarishi, hata kama wewe ulikiita adhabu. Ndiyo maana mtoto anayetafuta kutazamwa unaweza kumgombeza kila siku na bado akazidisha: kugombezwa nako ni kutazamwa.

Watu wengi wanakosea hapa: uimarishaji hasi si adhabu. Chanya maana yake kuna kilichoongezwa, hasi kuna kilichoondolewa, na vyote viwili vinakuza tabia. Ukifungua mwavuli mvua inaacha kukulowesha, kesho unatoka nao tena. Mtoto wa mleta mada alikuwa hivyo. Akijitupa chini, anaondolewa kwenye mlio. Kujitupa kukawa ndio mwavuli wake.

Na bibi pia, nisamehewe, amefundishwa. Anapiga kofi, kelele zinakoma, roho yake inatulia. Kesho mkono unakuwa mwepesi zaidi. Mtoto hajajifunza cha kufanya mashine ikilia, ila bibi ameshajifunza kupiga. Mwalimu wangu wa Magu, nadhani hata sisi tulifundishwa hivyo na watoto tuliowachapa.

Kuhusu rushwa: rushwa unaitoa kelele zikiwa zimeanza, ili zikome. Kiimarishi kinakuja baada ya tabia unayoitaka, na kinapunguzwa polepole: karanga kila mara, kisha mara moja moja, kisha neno "vizuri" peke yake. Mwalimu asiyejua kupunguza, huyo ndiye wa kuulizwa.

Tahadhari moja. Ukiamua kuacha kumpa mtoto alichozoea kukipata kwa kelele, kelele zinaweza kupanda kwanza. Ni kama koroboi inayoishiwa mafuta, inaruka moto juu halafu ndiyo inazimika. Wazazi wengi wanakata tamaa palepale kwenye kuruka, wanampa, na mtoto anajifunza kwamba kelele kubwa ndiyo inayolipa.

Mvuvi wa ndoano, Igombe

Hiyo ya "mara moja moja" ndiyo iliyonimaliza mimi. Siku nne mtumbwi mtupu, ya tano sangara wa kilo 20, basi mwezi mzima siachi ziwa. Mke wangu anaita uchawi. Nitamsomea hii.

Kaka mtu, Buhongwa

Nimesoma yote na sijaridhika. Mdogo wangu ana usonji, sasa ni mtu mzima. Mbona hamsemi historia nzima?

Utafiti uliowapa jina watu wa ABA ni wa mwanasaikolojia Ivar Lovaas, California, 1987. Watoto 19 walifundishwa saa 40 kwa wiki, na 9 kati yao wakaripotiwa kufikia kiwango cha kawaida cha akili na kuingia darasa la kwanza la kawaida. Kila anayeuza njia hii anaitaja hiyo 9. Hawataji kwamba watoto hawakugawanywa kwa kura kwenye makundi ya kulinganishwa, wala kwamba kukaripiwa kwa sauti kubwa na kupigwa kofi la paja vilikuwa sehemu ya mafunzo. Bibi wa Mwaloni angeajiriwa! Na hadi juzijuzi kuna shule Massachusetts inayowatia watoto shoti za umeme za ngozini. Serikali yao ilipiga marufuku 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo 2021. Watu wenye usonji waliokua wanasema waziwazi: tulifundishwa kuficha, hatukusaidiwa.

Mdogo wangu alizuiwa kupepea mikono mpaka akaacha. Akaanza kujing'ata mkono. Mikono ile ilikuwa inamdhuru nani? Ilikuwa inatuaibisha sisi kwenye daladala, basi.

Na saa 40, kwa mwalimu mmoja mwenye watoto ishirini? Tuambizane ukweli.

Mwalimu wa kitengo, Nyegezi

Kaka, sina ubishi na hilo la mikono. Baer, Wolf na Risley walipoandika misingi ya fani hii 1968, sharti la kwanza lilikuwa kwamba tabia inayofanyiwa kazi iwe na umuhimu kwa mtu mwenyewe na jamii. Wengi walisoma "jamii" wakaishia hapo. Kupepea kunampa kiimarishi kinachotoka ndani ya mwili wake, ukikifunga bila kujua kinamfanyia nini, anatafuta kingine. Ndiyo kung'ata huko.

Ila usitupe karatasi ya sehemu tatu pamoja na Lovaas. Watafiti Carr na Durand walionyesha 1985 kwamba mtoto anayefanya fujo ili akwepe kazi ngumu, akifundishwa namna ya kuomba msaada, fujo inashuka. Hilo halihitaji saa 40.

Mleta mada, Kirumba

Nimewasoma wote, asanteni. Mwalimu wa Magu, nakuheshimu lakini kofi nimeshalifuta kwangu, na mama nimemweleza. Hakufurahi.

Mimi nimehama meza. Niko karibu na geti sasa, mbali na mashine, na wateja wa jumla hawafiki huku, kwa hiyo gharama naiona. Mtoto ana kadi ya picha ya geti shingoni. Akiinyanyua tunatoka, hata kama nampimia mtu. Wiki ya kwanza aliinyanyua karibu kila dakika, nikadhani nimejiroga. Sasa ni mara tatu nne kwa siku.

Kikao kijacho nitatetea karanga, lakini nitadai mzazi aulizwe kabla mwalimu hajaamua ni tabia gani ya kuondoa. Kupepea mikono kutolewe kwenye orodha. Kaka wa Buhongwa, ukipata nafasi njoo useme uliyoyasema hapa.

Mzazi, Pasiansi

Ni mimi niliyesema kuku. Karanga bado hazijaniingia. Hiyo karatasi, unaweza kuipiga picha ukaiweka hapa?