Nyumba ya mpito Wakiso: fedha za wilaya

Swali: Ndugu, tunataka kuwapa makazi watu wasio na kwao wanaomaliza tiba ya ulevi na dawa za kulevya Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili Uganda. Ombi la fedha za wilaya tulipeleke lini?

Jibu: Kabla ya Oktoba, ili liingie kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata. Bunge hupitisha bajeti kufikia Mei 31. Ukienda Aprili umechelewa. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii. Mpe cheti cha usajili na gharama za kitanda kimoja kwa mwezi: kodi ya nyumba, chakula, maji, mlinzi wa usiku.

Jibu la mwingine: Na mshauri katika gharama hizo! Huyo ndiye husahaulika, na bila yeye watu hurudia kunywa. Fedha zisizotumika hadi Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, hurudi hazina.

Muulizaji: Kodi ya nyumba je?

Jibu: Ombeni ya mwaka mzima, lakini mkubaliane na mwenye nyumba alipwe kila robo, maana fedha hutolewa hivyo.